Punje za Sauti: Habari za Kurefusha Usemi kwa Mitambo

Tangu mwaka 1877, Thomas Edison alipotengeneza fonografu yake huko Marekani, binadamu amekuwa na uwezo wa kuiweka sauti akiba na kuisikiliza tena baada ya msemaji kuondoka, au hata kufa. Lakini uwezo huo ulikuja na sharti moja, ambalo wenye kusikiliza santuri walilijua upesi bila ya kufundishwa. Santuri ikizungushwa polepole, maneno huchelewa, na papo hapo sauti huwa nene. Mwanamke huimba kama mwanamume, na mwanamume hunguruma. Ikizungushwa mbio, maneno hukimbia na sauti huwa nyembamba kama ya ndege. Mwendo ukipunguzwa kwa nusu, sauti hushuka kwa oktava moja kamili, wala hakuna hila ya kuizuia. Wakati na unene wa sauti vilifungwa na mashine pamoja, kama maksai wawili katika nira moja.

Katika kinywa cha mtu hakuna nira ya namna hiyo. Mtoto aweza kusema polepole kwa sauti nyembamba, na mzee aweza kusema mbio kwa sauti nene, maana mwendo wa ulimi ni kitu kimoja na mtetemo wa nyuzi za sauti ni kitu kingine. Basi fonografu, ingawa ilisifiwa kwa kuiga usemi, ilikuwa imeukosea usemi katika jambo la asili. Dawa ya kosa hilo ilipatikana baada ya kupita miaka kama 70, nayo haikutoka kwa wanafunzi wa lugha bali kwa mhandisi wa umeme aliyekuwa akifikiri juu ya njia za simu. Habari zake zastahili kujulikana na watu wa lugha, kwa kuwa leo wengi wanaonakili masimulizi, mashairi ya kuimbwa na mazungumzo kutoka katika kanda za zamani huitumia dawa hiyo, na si wote waijuao jinsi ilivyochanganywa.

Kabla ya kuendelea yafaa kuthibitisha maneno mawili. Kipande kidogo cha sauti ambacho habari hizi zote zakitegemea kitaitwa hapa punje. Neno chembe lingeweza kufaa, lakini limekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa fizikia na wa viumbe kwa mambo yao. Tena chembe humpa msikilizaji wazo la kitu kilichomeguka kutoka katika kingine. Punje ni kitu kizima, chenye umbo lake, mwanzo wake na mwisho wake. Na tabia yake ni kwamba ikiwa moja hapana anayeijali, bali zikifika kibaba au pishi ndipo zinapopata thamani. Ndivyo hasa zilivyo punje za sauti. Kazi ya kuongeza muda wa usemi itaitwa kurefusha, wala si kuvuta, kwa sababu kuvuta sauti ni jambo afanyalo msemaji mwenyewe akitaka kutia mkazo au dhihaka. Tena kitu kinachovutwa hupungua upana, na hapa linalotafutwa ni usemi urefuke usipungukiwe na kitu.

Mhandisi aliyetajwa ni Dennis Gabor, aliyezaliwa Budapest mwaka 1900. Alihamia Uingereza mwaka 1934 akafanya kazi katika kampuni ya British Thomson-Houston mjini Rugby. Duniani ajulikana zaidi kwa holografia, iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1971. Lakini mwaka 1946, katika jarida la chama cha wahandisi wa umeme wa Uingereza, alitoa makala ndefu juu ya nadharia ya mawasiliano, na mwaka uliofuata akatoa nyingine fupi katika jarida la Nature juu ya nadharia ya kusikia. Hoja yake ilianza kwa lalamiko. Tangu Joseph Fourier, mwanahesabu Mfaransa, alipochapa kitabu chake juu ya joto mwaka 1822, wataalamu walizoea kuieleza sauti yoyote kuwa ni jumla ya mitetemo safi, kila mmoja na wembamba wake. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini mitetemo inayotajwa ndani yake haina mwanzo wala mwisho. Gabor aliona kwamba jambo hilo halipatani na anayoyajua kila mwenye masikio. Mtu asikiapo king'ora husema kwamba sauti inapanda, naye asema kweli. Bali kwa hesabu ya Fourier maneno hayo hayana maana, kwa kuwa mtetemo ulio wa milele hauwezi kupanda.

Ili kuupata wakati na wembamba wa sauti pamoja, Gabor aliazima hesabu za wanafizikia wa chembe ndogo za maada, nayo hayakuwa maazimo ya bure, maana tatizo lao na lake lilikuwa moja. Anayetaka kujua kwa uhakika sauti imetokea lini, imempasa aikate fupi. Na akiikata fupi, hawezi tena kujua kwa uhakika wembamba wake. Kwa hiyo sauti yoyote yaweza kuchorwa kama shamba lililogawanywa katika vijaruba, upande mmoja wa kijaruba ukiwa ni wakati na upande wa pili ukiwa ni wembamba wa sauti. Mkulima aweza kukifanya kijaruba kiwe kirefu na chembamba, au kifupi na kipana, kama apendavyo. Lakini eneo lake haliwezi kupungua chini ya kiasi kilichowekwa na hesabu yenyewe. Ndani ya kila kijaruba hukaa punje moja, nayo ni mtetemo unaoanza kwa upole, ukakua hata kilele, kisha ukafifia kwa upole ule ule, mfano wa umbo la kengele. Fikira ya kwamba sauti ni vitu vidogo vidogo haikuwa mpya kabisa. Isaac Beeckman, mwanachuoni wa Uholanzi, aliwahi kuishikilia katika karne ya 17, akidhani kwamba kinachosafiri hewani ni vipande vya hewa vilivyokatwa na waya unaotetemeka. Lakini Beeckman hakuwa na njia ya kuzipima punje zake, na Gabor alikuwa nayo.

Wala Gabor hakuishia katika karatasi. Alibuni chombo kilichotumia filamu ya sinema, ambayo sauti yake huwa imeandikwa kwa mwanga katika mstari ulio ukingoni. Mbele ya filamu ilizunguka ngoma yenye matundu membamba, na kila tundu liliusoma mstari ule kwa kitambo kidogo tu, likififia wakati tundu jingine linapoanza kusoma. Nia yake ilikuwa kuubana usemi upite katika njia nyembamba ya simu na kupanuliwa tena upande wa pili. Lakini kwa kuwa chombo kiliweza kubadili unene wa sauti pasipo kugusa wakati, kiliweza pia kufanya kinyume chake. Nira ilikuwa imefunguka, ingawa aliyeifungua alikuwa akitafuta kitu kingine.

Siri ya kazi hiyo ni nyepesi, na kila mtambo uliofuata, uwe wa filamu, wa ukanda au wa kompyuta, umeirithi. Usemi hukatwa katika punje zenye urefu, mathalan, wa sehemu 30 za elfu za sekunde. Kila punje ikisemwa mara mbili, neno lililochukua nusu sekunde litachukua sekunde nzima. Na kwa kuwa ndani ya punje mitetemo haikuguswa, sauti itabaki na unene wake. Kwa kufupisha usemi, baadhi ya punje hutupwa. Kingo za punje hulazwa moja juu ya nyingine, ile ikififia na hii ikikua, ili sikio lisitambue maungio. Lililo gumu ni kipimo. Punje ikiwa fupi kuliko sehemu kama 10 za elfu za sekunde, sikio halipati nafasi ya kuujua wembamba wake, likasikia mdato mtupu. Ikizidi sehemu 100, kule kurudia hutambulikana, na msemaji huonekana kama mwenye kigugumizi au kama asemaye ndani ya pango. Kati ya mipaka hiyo miwili ndimo historia yote iliyobaki ilimotendeka.

Ukanda wa sumaku ulipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ya matundu ya Gabor ilitwaliwa na vichwa vya kusomea ukanda. Mwaka 1954 Grant Fairbanks, mtaalamu wa usemi katika Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na wenzake W. L. Everitt na R. P. Jaeger, walieleza njia yao ya kufupisha na kurefusha usemi. Na katika miaka hiyo hiyo Anton Springer huko Ujerumani alitengeneza chombo cha namna hiyo hiyo. Vichwa kadhaa vilipangwa juu ya gurudumu. Ukanda ukipita polepole, gurudumu huzunguka kuukabili, hata kila kichwa kikauona ukanda kana kwamba unapita kwa mwendo wake wa asili. Na kichwa kimoja kinapoondoka, kinachofuata hurudi nyuma kidogo na kusoma tena sehemu iliyokwisha kusomwa. Anayetaka kufupisha huukimbiza ukanda na kuligeuza gurudumu liufuate, nazo sehemu nyingine za ukanda hupita bila kusomwa na yeyote.

Swali lililowashughulisha wataalamu wa usemi lilikuwa hili: je, maneno yaliyokatwa na kutupwa vipande vyake yatafahamika? Mwaka 1950 George Miller na J. C. R. Licklider wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba usemi unaozimwa na kuwashwa mara kumi kwa sekunde, hata nusu yake ikapotea, huendelea kufahamika kwa sehemu kubwa. Mwaka 1953 W. D. Garvey alikata ukanda kwa mkono, akatupa vipande kwa kipimo sawa na kuunga vilivyobaki, naye akaona kwamba maneno yaliyoharakishwa zaidi ya mara mbili yalizidi kutambulikana. Uvumilivu wa kazi hiyo ya kukata na kubandika ni wa kustaajabisha. Lakini lililo kubwa zaidi ni fundisho lake kwa isimu. Usemi una ziada nyingi. Kila kitasa na kila vokali huacha alama zake katika jirani zake, na kwa hiyo msikilizaji haulizi kila punje habari zake, bali huipokea pishi nzima.

Watu wa muziki walikuja na haja nyingine. Huko Paris Pierre Schaeffer, aliyeanzisha mwaka 1948 ule muziki wa sauti zilizorekodiwa, alipata fonojeni zilizotengenezwa kwa ajili yake. Za kwanza zilibadili unene na wakati kwa pamoja kama santuri, na baadaye ikaja moja yenye vichwa vinavyozunguka, iliyoweza kuvitenga. Iannis Xenakis, Mgiriki aliyezaliwa Rumania, ndiye aliyeichukua punje yenyewe, wala si mtambo tu. Mwaka 1958, kwa ajili ya banda la kampuni ya Philips katika maonyesho ya Brussels, alitunga Concret PH kwa mlio wa makaa yanayoungua, uliokatwa katika vipande vifupi sana na kupangwa kwa wingi. Chaguo hilo lafikirisha, kwa sababu makaa yakilia huwa tayari yamejigawa punje. Xenakis aliisikia nadharia ya Gabor jikoni, kama mtu angeweza kusema hivyo bila kumkosea heshima. Mwaka 1959 akatunga Analogique B kwa kuunga vipande vifupi vya ukanda, na katika kitabu chake cha mwaka 1963 akaeleza kwamba kila sauti yaweza kutazamwa kuwa ni kundi la punje.

Kompyuta ilipoanza kushika kazi hii haikuwa na haraka. Curtis Roads, katika Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, alifanya majaribio yake ya kwanza mwaka 1974 kwa kompyuta kubwa ya Burroughs, maagizo yakiandikwa kwa kadi zilizotobolewa. Kati ya kuagiza sauti na kuisikia kulikuwa na kungoja kwingi. Mtunzi wa namna hiyo hufanana na mtu anayeandika barua kwa meli, si na mtu anayezungumza.

Aliyeuondoa ungojaji huo ni Barry Truax wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, karibu na Vancouver, Kanada. Mwaka 1986, kwa chombo kiitwacho DMX-1000, aliweza kutoa punje kwa mamia katika kila sekunde, papo kwa papo, mkono ukibadili na sikio likisikia hapo hapo. Kazi yake Riverrun ni ya mwaka huo. Lakini kwa watu wa lugha kazi ya kuangaliwa zaidi ni The Wings of Nike, ya mwaka 1987, ambayo sauti zake zote zilitokana na fonimu mbili tu, moja ya mwanamume na moja ya mwanamke. Fonimu isiyodumu hata sekunde moja ilirefushwa ikawa mandhari. Truax alikuwa ametoka katika kundi la watafiti wa mazingira ya sauti lililoongozwa na R. Murray Schafer, na yamkini hiyo ndiyo sababu hakuridhika na sauti za kubuni. Katika Pacific, ya mwaka 1990, aliyarefusha mawimbi ya bahari, honi za vyombo na sauti za ndege wa pwani, hata msikilizaji akasikia ndani ya wimbi moja mambo ambayo wimbi lenyewe, kwa mwendo wake, haliyaonyeshi. Aliyewahi kusikiliza kazi hizo hawezi kukubali kwa wepesi kwamba kurefusha ni hila ya mafundi tu. Ni namna ya kutazama, kama lenzi ilivyo namna ya kutazama.

Na kila lenzi hupotosha kingo za kitu. Mitambo ya vichwa vinavyozunguka ilikata kwa kipimo kimoja bila kujali inakata nini. Vokali ya mwanamume mwenye nyuzi zinazotetemeka mara 100 kwa sekunde hujirudia kila sehemu 10 za elfu za sekunde; kisu kikianguka katikati ya mtetemo, maungio hukwaruza, na sauti huwa kama ya mtu mwenye mafua. Mwaka 1966 J. L. Flanagan na R. M. Golden wa maabara za Bell walijaribu njia nyingine, ya kuuchambua usemi katika mikondo mingi ya wembamba na kuirefusha kila mikondo peke yake. Njia hiyo ni nzuri kwa muziki, lakini usemi hutoka ukiwa na ukungu, kana kwamba msemaji amerudi nyuma hatua kadhaa ndani ya ukumbi mtupu.

Mageuzi yaliyofaa usemi yalikuja kwa kurudi kwenye kisu na kukifundisha adabu. Mwaka 1985 S. Roucos na A. M. Wilgus walieleza njia ambayo kompyuta, kabla ya kuunga punje mbili, huisogeza moja mbele na nyuma kidogo mpaka mawimbi yake yalingane na ya mwenzake. Mwaka 1990 Eric Moulines na Francis Charpentier wa Ufaransa waliieleza kwa ukamilifu njia iendayo mbali zaidi: kila punje huzungushwa juu ya pigo moja la nyuzi za sauti, na kwa hiyo urefu wa punje hauamuliwi tena na fundi, bali na koo la msemaji. Mwaka 1993 W. Verhelst na M. Roelands wa Ubelgiji wakatoa njia nyepesi zaidi kwa kompyuta, isiyohitaji kuyatafuta mapigo hayo. Programu ya Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ambayo wanafonetiki wa nchi nyingi huitumia, yarefusha usemi kwa njia ya jamaa hiyo. Hivyo, baada ya miaka 40 ya kutafuta kipimo cha punje katika hesabu na katika gurudumu, kipimo kilionekana kuwa kilikuwamo katika usemi wenyewe tangu mwanzo.

Lakini pigo la nyuzi lapatikana katika vokali na katika vitasa vyenye mtetemo tu. Katika vitasa visivyo na mtetemo hakuna pigo la kufuata, na hapo mtambo hubaki kipofu kama zamani. Msomaji wa Kiswahili ana mfano karibu. Katika lahaja za kaskazini kama Kimvita na Kiamu, paa aliye mnyama hutamkwa kwa mpumuo baada ya p, na paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo; vivyo hivyo kaa wa pwani na kaa la moto. Tofauti nzima imo katika kitambo kilicho kati ya mpasuko wa midomo na kuanza kwa vokali, kitambo cha makumi ya sehemu za elfu za sekunde, yaani kiasi cha punje moja au mbili. Mtambo ukirudia punje iliyobeba mpasuko, mipasuko huwa miwili. Ukikirefusha kitambo chenyewe mara tatu, paa la nyumba laanza kukaribia kipimo cha paa wa mwituni. Sikio la mwenyeji hujirekebisha kwa mwendo wa maneno yaliyolizunguka neno, na pengine halitadanganyika. Lakini mwanafunzi anayepima kwa rula katika picha ya mawimbi hana kinga hiyo. Wala mahali penye hatari ndogo si vokali za katikati ya neno, kama inavyodhaniwa. Silabi ya mwisho kasoro moja, ambayo ndiyo yenye mkazo, huwa ndefu kwa asili. Mtambo huirefusha sawa na jirani zake, nao uwiano hubaki ule ule, jambo linaloonekana kuwa ni uaminifu kumbe si uaminifu, kwa sababu mtu asemaye polepole hauhifadhi uwiano huo.

Jambo hili la mwisho lilikwisha kuonyeshwa na Frieda Goldman-Eisler, aliyefanya uchunguzi wake London na kuukusanya katika kitabu cha mwaka 1968. Alipima usemi wa kawaida, akaona kwamba tofauti ya msemaji wa mbio na wa polepole imo zaidi katika vituo vyao, wala si katika mwendo wa kutamka, ambao haubadiliki sana. Mtu akitaka kwenda polepole hunyamaza zaidi. Mashine ikitaka kwenda polepole huirefusha kila punje sawa, vitasa pamoja na vituo, na ndiyo sababu usemi uliorefushwa, hata kwa njia bora kuliko zote, humpa msikilizaji fikira ya mtu aliyelewa au aliyezidiwa na usingizi. Kwa kazi ya kunakili, kasoro hiyo si kitu. Mnakili ataka maneno, na maneno atayapata. Kwa kazi ya kupima urefu, mpumuo, mkazo au vituo, nakala iliyorefushwa haifai kuwa ushahidi, na kanda ikiwekwa katika hazina yapasa iandikwe wazi kama ni ya asili au imepitishwa mtamboni.

Limebaki jambo la kurefusha usemi ulio hai, yaani wa msemaji ambaye bado anasema. Hapa ugumu si wa ufundi tu. Usemi ambao haujatamkwa hauwezi kuharakishwa na mtambo wowote. Kurefusha kwawezekana, lakini kwa deni: mtambo unaorefusha mara mbili, baada ya dakika moja, utakuwa umetoa nusu dakika ya maneno na kuweka ghalani nusu dakika nyingine, na ghala hilo litajaa kadiri msemaji anavyoendelea. Mtunzi kama Truax haoni taabu, kwani aweza kukaa ndani ya sekunde moja kadiri apendavyo na kuiacha dunia ipite. Msikilizaji wa taarifa ya habari hana ruhusa hiyo.

Jibu lililo zuri zaidi lilitoka Ujapani, katika maabara za shirika la utangazaji la NHK, ambako wazee wengi walikuwa wakilalamika kwamba wasomaji wa habari husema mbio. Mwaka 1994 watafiti wa shirika hilo walieleza mtambo wa kurefusha usemi papo kwa papo kwa ajili ya wazee hao. Katika njia waliyoiendeleza, mtambo hurudia mapigo ya nyuzi katika vokali, huacha vitasa vifupi karibu na vilivyo, na badala ya kurefusha kila mahali kwa kipimo kimoja, huupunguza mwendo zaidi mwanzoni mwa fungu la maneno, ambapo msikilizaji ana haja zaidi ya kushika, kisha huuongeza kidogo kidogo kuelekea mwisho. Deni lililopatikana hulipwa kwa kufupisha vituo.

Njia hiyo isingefaa kwa kila usemi. Katika shairi la mizani 16, kituo kilicho baada ya mizani ya nane ni sehemu ya shairi kama kina kilivyo, na mtambo ambao ungekila kituo hicho ili kuzinenepesha vokali ungekuwa umelila shairi. Taarifa ya habari haina vina. Mzee wa Kijapani aliyeketi mbele ya mtambo huo husikia kila fungu likianza kwa utulivu, kwa sauti ile ile ya msomaji anayemjua, lisinenepe wala lisikonde. Na msomaji anapomaliza kule studio, mzee naye huwa amemaliza kusikia, katika dakika moja na majirani zake.